Hedifoni niliyoipenda dukani, mbona siivai?

"Mtaalamu, habari za kazi? Miezi mitatu iliyopita nilinunua hedifoni ya Bluetooth ya kufunika masikio, ile ya kuzima kelele. Dukani nilijaribu mbili kwa dakika kumi hivi, nikachukua hii kwa kuwa besi yake ilishiba, na boksi limeandikwa inafika 40,000 Hz. Cha ajabu, nyumbani najikuta nachukua ya waya ya mdogo wangu, ambayo kwa maandishi ya boksi haifui dafu. Yangu ikifika saa moja inanichosha, masikio yanapata joto, na besi siku nyingine ipo, siku nyingine imepotea. Navaa miwani. Nikiingia kwenye mkutano kwa kompyuta, sauti inageuka kama ya simu ya zamani. Halafu kuna siku nahisi upande wa kushoto uko chini kuliko wa kulia. Je, nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, au masikio yangu ndiyo yenye kasoro? Na mtu akitaka kulinganisha hedifoni, aangalie nini hasa?"

Ndugu msomaji, umeuliza mengi, ila nikiyakamua nabaki na hofu mbili: kwamba umepigwa dukani, na kwamba masikio yako yanakusaliti. Ya kwanza ndiyo ndefu. Ya pili tuianze sasa hivi kwa sababu haifai kusubiri.

Weka sauti ya mtu mmoja anayezungumza, taarifa ya habari kwa mfano. Usitumie muziki, maana ala nyingine hupangwa upande mmoja makusudi. Sikiliza, kisha vua hedifoni uivae kinyume, kushoto iende kulia. Kama udhaifu umehamia sikio la kulia, mgonjwa ni hedifoni. Angalia kwanza ndani ya simu, kwenye mipangilio ya ufikivu, kuna kitelezi cha mizani ya kushoto na kulia ambacho husogea bila mtu kujua. Kisha angalia kama sponji ya upande huo imekaa vizuri na kama kitambaa cha ndani hakijaziba kwa vumbi. Hedifoni bado ina miezi mitatu tu, kwa hiyo kama hayo yote ni sawa, irudishe kwa aliyekuuzia pamoja na risiti. Usifungue skrubu hata moja, vinginevyo utaambiwa umeiharibu mwenyewe.

Lakini kama udhaifu umebaki sikio lile lile la kushoto hata baada ya kugeuza, hedifoni haina hatia na unatakiwa kumwona daktari wa masikio. Mara nyingi huwa ni nta tu, na yeye huitoa kwa dakika chache. Usiichokonoe kwa pamba ya kijiti, utaisukuma ndani zaidi. Mlio wa kudumu masikioni, au sauti kuwa kama imefunikwa blanketi kila baada ya kusikiliza muziki, ni sababu nyingine za kwenda. Na ikitokea sikio moja limepoteza usikivu ghafla, ndani ya saa chache au siku mbili tatu, hiyo ni dharura: nenda siku hiyo hiyo, maana matibabu yanayochelewa hupungua nguvu.

Sasa turudi dukani. Dakika zako kumi zilikuwa na kasoro ambayo karibu kila mnunuzi huifanya, nami niliifanya kwa miaka. Ulichomeka moja, ukasikiliza, ukachomeka ya pili, ukasikiliza, bila kugusa sauti ya simu. Tatizo ni kwamba hedifoni mbili zikiwa kwenye alama moja ya sauti hazitoi ukubwa mmoja wa sauti. Moja huwa nyepesi kuitikia, nyingine nzito. Na sikio la binadamu lina tabia moja ya ajabu: sauti ikiwa ndogo, besi ndiyo inayotoweka kwanza; ikipandishwa, besi inarudi kwa kasi kuliko sauti za kati. Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell nchini Marekani walichapisha vipimo vya jambo hili mwaka 1933, na wauza redio wamelifaidi tangu hapo. Hedifoni iliyo juu kidogo tu, hata desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) moja au mbili, haisikiki kama "ina sauti kubwa zaidi". Inasikika kama ina besi iliyoshiba na ni safi zaidi. Inawezekana kabisa ulichagua iliyokuwa juu ukadhani umechagua iliyo bora.

Kwa hiyo ukitaka kulinganisha kwa haki, sawazisha sauti kwanza. Chukua ile sauti ya mtu anayezungumza, panda na kushuka mpaka uone mzungumzaji yuko umbali ule ule kwenye hedifoni zote mbili. Halafu cheza kipande kimoja cha sekunde ishirini, kile kile, ukibadilishana haraka. Kumbukumbu ya masikio ni fupi mno. Ukichukua dakika tano kati ya moja na nyingine, unachokilinganisha ni hisia zako tu.

Kuhusu 40,000 Hz, yaani mitetemo ya sauti kwa sekunde, nitasema bila kuzunguka: isahau. Kijana mwenye masikio mazima husikia kuanzia karibu 20 Hz hadi 20,000 Hz, na kadiri umri unavyosonga ile namba ya juu inashuka. Namba hizo za boksi zina tatizo kubwa zaidi. Zinakuambia hedifoni inaanzia wapi na kuishia wapi, lakini hazikuambii imesawazika vipi katikati, na katikati ndiko muziki wote ulipo. Ni kama kuambiwa barabara inatoka kijiji hiki hadi kile bila kuambiwa mashimo yako wapi. Upana wa kispika cha ndani, milimita 40 au 50, nao hausemi lolote la maana peke yake. Hata bei haisemi sana: mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha uchambuzi wa aina 283 za hedifoni na vifaa vya kuingiza masikioni, akakuta hakuna uhusiano kati ya bei na jinsi sauti ilivyosawazika. Bei hukununulia vitu vingine, kama maikrofoni nzuri, kuzima kelele kwa kweli, bawaba zisizovunjika. Sauti yenyewe ni bahati nasibu mpaka uisikie.

Kuna jambo moja ambalo limechunguzwa vizuri. Kwa miaka ya 2010 Sean Olive na wenzake katika kampuni ya Harman waliwasikilizisha watu hedifoni bila kuwaonyesha ni ipi, na wengi wakaelekea ladha moja: sauti inayofanana na ya spika nzuri ndani ya chumba kizuri, yenye besi iliyoinuliwa kiasi. Ninasema wengi, wako wanaotaka besi zaidi, na wako wanaotaka pungufu. Nadhani wewe ni wa kundi hili la pili na hujajua. Besi iliyozidi ni kama chumvi: kijiko cha kwanza kinaamsha, sahani nzima inachosha. Besi nzito hufunika sauti za waimbaji, nawe unapandisha sauti ili uwasikie, ukipandisha zile sauti kali za juu zinaanza kukuchoma, na baada ya saa moja unavua bila kujua kwa nini. Ya mdogo wako huenda haina mbwembwe, basi haikudai chochote.

Dawa yake haina gharama. Fungua programu ya hedifoni yako, nenda kwenye ekwalaiza, ile sehemu ya kupandisha na kushusha besi na sauti nyingine, shusha besi hatua mbili au tatu, uache hivyo siku nne. Siku ya kwanza utaona imekuwa baridi. Vumilia. Watu husema hedifoni "imefunguka" baada ya kutumika. Mara nyingi kilichofunguka ni ubongo wa msikilizaji aliyezoea, pamoja na sponji zilizolainika zikakaa vizuri.

Besi inayokuja na kutoweka ni habari nyingine kabisa, na hapo mshukiwa ninaye: miwani. Hedifoni ya kufunika masikio hutengeneza besi kwa kusukuma hewa ndani ya kijichumba kilichofungwa kati ya kispika na sikio lako. Kijichumba kikivuja, besi inatoka nje kama upepo kwenye pampu ya baiskeli yenye tundu. Sauti za kati na za juu hazijali sana, kwa hiyo hutahisi kwamba kuna kitu kimeharibika. Unaona tu kwamba leo muziki ni mwembamba. Mkono wa miwani ukipita chini ya sponji unaacha mwanya mbele na nyuma ya sikio. Nywele nene, hereni, kitambaa cha kichwani na ndevu za pembeni hufanya vivyo hivyo. Mimi mwenyewe navaa miwani, na niliwahi kuandika maoni makali kwamba hedifoni fulani haina besi hata chembe. Jioni nikavua miwani kuisafisha nikiwa bado naisikiliza. Niliyafuta maoni yale usiku huo huo.

Jaribu hivi: ukiwa umevaa kila kitu kama kawaida, bonyeza vikombe viwili taratibu kwa viganja. Besi ikipanda ghafla, unavuja. Miwani yenye mikono myembamba na iliyonyooka husaidia sana, na hata kuinua mikono ya miwani kidogo ili ipite juu zaidi ya sikio, pale ambapo sponji ni laini, huleta tofauti. Hedifoni nyingi za kuzima kelele zina maikrofoni ndani ya kikombe inayoweza kuona upungufu huo na kuufidia kwa kiasi, kwa hiyo mvujo wako unaweza kuonekana zaidi siku unapozima kipengele hicho. Sponji zilizochakaa nazo huvuja, ingawa zako bado ni changa.

Joto nalo linatoka hapo hapo. Ngozi bandia inaziba vizuri, ndiyo maana besi ipo, na ndiyo maana unatoka jasho. Sponji za kitambaa zinapitisha hewa na masikio yanapoa, lakini besi inavuja. Huwezi kupata yote mawili kikamilifu, na muuzaji anayekuambia unaweza anataka kumaliza siku yake. Ukinunua sponji nyingine za aina tofauti, ujue unabadilisha sauti ya hedifoni pia, wakati mwingine kuliko ekwalaiza ingeweza. Na uzito: hedifoni nyingi za namna hii huwa kati ya gramu 240 na 390 hivi. Sony WH-1000XM5 ina takribani gramu 250, Sennheiser Momentum 4 karibu 293, AirPods Max yenye vikombe vya chuma karibu 385. Kwa dakika kumi dukani hutatofautisha. Kwa safari ya saa tatu, utosi wako utakuambia.

Tuje kwenye kuzima kelele, kwa sababu nina wasiwasi unatumia kipengele hicho mahali pasipohitajika. Wazo lenyewe ni la zamani; Mjerumani Paul Lueg alipata hataza yake Marekani mwaka 1936. Maikrofoni inasikia kelele ya nje, na hedifoni inatoa wimbi lililo kinyume chake, kilima kikakutana na bonde, vyote viwili vikafutana. Kazi hiyo ni rahisi kwa mngurumo wa chini. Wimbi la 100 Hz lina urefu wa zaidi ya mita tatu, linabadilika polepole, na mashine inapata muda wa kulipiga hesabu. Wimbi la 3,000 Hz lina urefu wa sentimita 11 hivi. Kosa dogo tu la muda na unaongeza kelele badala ya kuipunguza. Ndiyo maana injini ya basi au ndege inafifia sana, lakini mtoto anayelia viti viwili mbele yako bado yupo. Kelele za juu huzuiwa na sponji na kikombe chenyewe, si na umeme. Na ndiyo maana kujaribu kipengele hiki ndani ya duka tulivu hakukufundishi kitu.

Watu wengine wanapokiwasha mahali penye ukimya huhisi kama masikio yamebanwa, kama lifti inayoshuka. Hakuna shinikizo lolote la kweli. Huenda ubongo unakosa ule mngurumo wa chini uliouzoea na kutafsiri ukimya huo kama mgandamizo. Lakini hisia ni hisia, na inachosha. Nyumbani kwako, ambako pengine pametulia, kizime. Onyo moja tu: katika hedifoni nyingi sauti hubadilika kidogo kipengele kikizimwa, na ukiitumia kwa waya ikiwa haina chaji inaweza kubadilika sana, kwa sababu kile kichakataji cha ndani kinachonyoosha sauti kimelala. Hapo ya mdogo wako inaishinda kwa uhalali, maana ilitengenezwa tangu mwanzo isimame bila msaada.

Njiani hali inageuka. Mtu mwenye hedifoni ya kawaida kwenye basi lenye kelele anapandisha sauti ili aizidi injini, na hapo ndipo masikio yanapoumia. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila desibeli tatu zinazoongezeka hukata muda huo nusu: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, 89 ni saa tano kwa wiki nzima. Simu nyingi siku hizi hukadiria kiwango hicho zenyewe. Ukiona kwamba kwa kuzima kelele unasikiliza hatua nne au tano chini ya ulivyozoea, basi hedifoni yako imelipa sehemu kubwa ya bei yake hapo, hata kama sauti yake si ya kwanza duniani.

Mkutano wa kompyuta. Hapa nakuomba usimlaumu mtu, kwa sababu hata hedifoni ya bei ya juu kabisa hufanya hivyo. Bluetooth ya kawaida ina njia mbili tofauti. Moja ni ya muziki, pana, lakini inakwenda upande mmoja tu, kutoka kompyuta hadi kwako. Nyingine ni ya simu, inakwenda pande zote mbili, lakini ni nyembamba: sauti hupimwa mara 8,000 au 16,000 tu kwa sekunde, yaani hakuna sauti ya zaidi ya 4,000 au 8,000 Hz inayopita. Mara programu ya mkutano inapoomba maikrofoni ya hedifoni, kompyuta inahamisha kila kitu kwenye njia nyembamba, hadi muziki uliokuwa ukicheza nyuma. Tiba ni dakika moja. Kwenye mipangilio ya mkutano acha hedifoni iwe spika, lakini maikrofoni chagua ile ya kompyuta yenyewe. Sauti itarudi kuwa pana papo hapo, na mara nyingi hata wenzako watakusikia vizuri zaidi. Mfumo mpya wa Bluetooth wenye kodeki (njia ya kubana sauti ili isafirishwe) ya LC3 unarekebisha jambo hili, ila unahitaji hedifoni na kompyuta vyote viuunge mkono.

Kuchelewa kwa sauti nakutajia tu: video huwa zinajirekebisha, michezo hairekebishwi. Kama unacheza michezo, tumia waya.

Umeniuliza mtu aangalie nini. Nikiwa mkweli, mambo ya matumizi ya kila siku huamua kuliko sauti, nawe mwenyewe umethibitisha kwa mkono wako unaochagua ya waya bila kufikiri. Mimi huangalia vitufe kwanza. Sehemu za kugusa kwa kidole zinapendeza kwenye picha, lakini ukirekebisha hedifoni kichwani unakata wimbo. Nipe kitufe ninachoweza kukipapasa gizani. Kisha naangalia inavyokunjwa. Sony WH-1000XM4 ilikunjika ikawa ndogo, iliyofuata mwaka 2022 haikukunjika, na ya mwaka 2025 ikarudi kukunjika; nadhani wateja walilalamika kwa haki. Chaji ya saa 30 inatosha karibu kila mtu, na zile 60 za Momentum 4 ni raha ya kusahau waya wa kuchaji kwa wiki nzima. La muhimu zaidi ni swali wasilouliza wengi: sponji na betri vinabadilishika? Betri ya litiamu huchoka taratibu kadiri inavyochajiwa na kutumika, wakati hedifoni nzuri ya waya inaweza kukaa miaka ishirini kwa kubadilishiwa sponji na waya tu. Na ukiona kikombe kimeanza kutuna au kinapata moto wakati wa kuchaji, acha kuitumia mara moja na umpelekee fundi. Betri iliyovimba si ya kuchezea.

Kwa hiyo hukuuziwa mbuzi kwenye gunia. Ulinunua chombo cha safari na kazi, ukakijaribu kama chombo cha sebuleni. Ningekuwa wewe nisingeibadilisha bado. Ningeshusha besi, ningezima kuzima kelele nikiwa nyumbani, ningehamisha maikrofoni ya mikutano, ningejaribu miwani nyembamba kama ipo ya zamani kabatini, kisha ningeivaa wiki nzima njiani tu, nyumbani nikaendelea na ya waya. Baada ya wiki hiyo kama bado inakubana kichwa au masikio yanawaka hata kwa sauti ndogo, basi ni umbo la kichwa chako na vikombe vile havielewani, na hakuna ekwalaiza ya kutibu hilo. Iuze ingali mpya, na utakapokwenda kujaribu nyingine, nenda na miwani yako, simu yako na kipande chako cha sekunde ishirini, ukae nayo kichwani nusu saa hata muuzaji akikukunjia uso.

Na mdogo wako mnunulie waya mpya. Kwa jinsi unavyoazima, wa kwake hautadumu.